Waya wa Kununua Ili Kuunganisha Kinanda na Kompyuta au Simu

Kabla ya kwenda Darajani kutafuta waya, kigeuze kinanda chako ukitazame nyuma, kwani matundu yaliyopo ndiyo yatakayoamua ununue nini. Ufahamu pia kwamba MIDI, mfumo wa vyombo vya muziki na kompyuta kupashana taarifa ulioanza kutumika mwaka 1983, haupitishi sauti. Unapitisha taarifa za kitufe kilichobonyezwa, nguvu ya kidole na wakati wa kukiachia.

Nafasi ya kwanza naupa waya wa USB wenye kichwa cha mraba upande mmoja, ambao madukani huitwa waya wa printa. Ikiwa kinanda kina tundu lililoandikwa USB TO HOST, waya huu hupitisha taarifa pande zote mbili, ni wa bei nafuu, na ukikatika hupatikana hata Chake Chake. Mwenye simu ya Android ataongeza adapta ya OTG, yaani kichwa kinachoiwezesha simu kupokea waya wa USB.

Kinanda cha zamani, chenye matundu ya duara ya pini 5, kinahitaji adapta ya kugeuza MIDI kuwa USB. Hapa usibane fedha: nunua iliyotengenezwa na kampuni ya vyombo vya muziki, mfano Roland UM-ONE. Zile zisizo na jina zinafanana nayo kwa macho, lakini nyingi hazina kipande cha kutenganisha umeme wa vifaa viwili, na ukipiga noti nyingi kwa haraka baadhi hupotea, au moja hubaki ikilia baada ya kidole kuondoka. Hizo naziweka mwisho kabisa.

Ya tatu ni Bluetooth, kwa mfano Yamaha MD-BT01 inayochomekwa kwenye pini 5. Inafaa kwa mazoezi ya nyumbani. Jukwaani siipendekezi, kwa kuwa sauti huweza kuchelewa kidogo na mpigaji akaachana na mdundo wa dumbaki.

Anayeunganisha vinanda viwili atumie waya wa pini 5 usiozidi mita 15, tundu la OUT (la kutoa taarifa) la kimoja likiunganishwa na tundu la IN (la kupokea) la kingine.

Wapigaji wa taarabu wazingatie jambo moja zaidi: ukizipanga toni za kinanda chako zifuate maqamu (ngazi za noti za muziki wa Kiarabu) yenye robo toni, mpangilio huo hausafiri pamoja na noti, kwa hiyo programu ya kompyuta itapiga toni zake za kawaida mpaka nayo uipangie vivyo hivyo. Na ukisikia kila noti ikilia mara mbili, zima Local Control kwenye kinanda, yaani mpangilio unaovifanya vitufe vyake vilize sauti za kinanda chenyewe.