Kukodi nganya Nairobi: mtafute mwenye gari, si konda

Kwa msafara wa harusi, sherehe ya jioni au kurekodi video ndani ya Nairobi, nganya (matatu iliyopambwa kwa michoro, taa na muziki mkubwa) ya Isuzu ya abiria 33 inalishinda basi la kawaida la kukodi. Kwa safari ya Kisumu au Mombasa, tafuta gari jingine. Viti vimebanwa ili spika zipate nafasi, pa kuweka mizigo hakuna, na muziki unaochangamsha watu kutoka Railways hadi Rongai utakuwa adhabu kabla hamjafika Naivasha.

Ukishaamua, usimalizane na konda. Kazi yake ni kujaza gari. Atakuwashia muziki na taa mpaka usahau ulichokuja kuuliza. Omba kukutana na mwenye gari, mchana, gari likiwa limezimwa. Taa za LED huficha rangi iliyopasuka, lakini jua la saa saba halimfichii mtu siri.

Elewa pia anachokukodisha. Kanuni za matatu za John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, michoro ilifutwa, mstari wa manjano ukapakwa ubavuni na mwendo ukabanwa kwenye kilomita 80 kwa saa. Michoro ilirudi taratibu, na mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akawatetea hadharani vijana wanaoichora. Siku hizi abiria wa Rongai, Umoja au Buruburu huacha matatu tupu zipite wakisubiri moja wanayoijua kwa jina. Nganya hutawala stage (kituo cha matatu) hadi itoke mpya, kisha hushuka hadhi. Hiyo iliyoshuka ndiyo mara nyingi utakayoletewa kwa bei nzuri. Si mbaya, mradi uikague.

Rangi haichukui muda. Pitisha kucha kwenye ukingo wa mchoro: stika hukwaruza kucha, mchoro uliofunikwa kwa clear (vanishi angavu ya juu) huteleza. Kazi safi ni puti iliyosuguliwa kwa msasa namba 80 kisha 180, primer iliyolainishwa kwa namba 400 hadi 600, rangi ya msingi, mchoro wa airbrush, halafu tabaka mbili au tatu za clear iliyochanganywa na hardener (dawa ya kuikausha iwe ngumu), kila tabaka likipewa dakika 10 hadi 15 kabla ya lingine. Ukiona vipovu vidogo, tabaka la juu lilipigwa la chini likiwa bado bichi. Vishimo vya mviringo ni mafuta au polishi ya tairi ambayo haikupanguswa. Stika nazo huanza kubanduka kwenye pembe kwa sababu ya pampu ya kuoshea gari. Hakuna kati ya haya kitakachokuangusha njiani, lakini yanakuambia mapema gari lilitengenezwa kwa haraka kiasi gani.

Kwenye umeme ndipo utamjua mwenye gari wa kweli. Isuzu hizi hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa. Amplifaya nyingi ni za volti 12. Fundi mvivu huuchota umeme wa muziki kwenye betri moja tu. Hiyo hushuka chaji, lakini altaneta (mtambo wa injini unaochaji betri) inapima jumla ya zote mbili, kwa hiyo inaendelea kusukuma na ile nyingine inajazwa kupita kiasi hadi maji yake yanachemka. Mwishowe zinakufa zote, na mwenye gari analaumu duka la betri. Muulize: “Boss, muziki unakula kwa betri gani?” Jibu zuri ni kibadilishi cha volti 24 kwenda 12 chenye ampea za kutosha, au betri za muziki zilizotengwa zenye mfumo wake wa kuchaji. Akikuambia “fundi ndiye anajua”, mwombe ampigie fundi simu mbele yako.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Altaneta ya ampea 60 kwa volti 24 hutoa wati 1,440 hivi, na hapo taa kubwa, wipa na feni hazijala. Amplifaya inayovuta wati 1,000, skrini kadhaa na taa za chini ya gari zinaimaliza. Gari likisimama na injini ikinguruma polepole, altaneta hutoa pungufu ya hapo, na kwenye harusi gari husimama sana. Jaribio ni hili: injini izimwe, muziki uchezwe dakika 20, uzimwe, betri zitulie kidogo, kisha kila moja ipimwe kwa mita. Betri nzima iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Zikitofautiana kwa zaidi ya 0.3, achana nalo au mwombe arekebishe kwanza.

Fyuzi kuu ya muziki iwe karibu na betri, isizidi sentimita 45 kwenye waya. Ikiwa iko nyuma kwenye amplifaya peke yake, waya wote uliopita chini ya sakafu hauna ulinzi, na ukichunika kwenye chuma ni moto. Nyaya zilizosokotwa na kufungwa tepu nyuma ya urembo wa dari ni sababu tosha ya kuondoka.

Fungua mlango wa dharura kwa mkono wako. Kwenye nganya nyingi boksi la subufa limekaa hapo hapo, na hiyo peke yake inatosha kulikataa gari, hata liwe linapendeza vipi.

Sauti pia ina kipimo. Shirika la Afya Duniani linaweka kiwango cha desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda salama hupungua nusu. Kwa desibeli 98 umebaki na dakika 37 hivi kwa wiki nzima. Programu ya simu itakupa makadirio. Kama kuna watoto, andikeni kwenye makubaliano kwamba volyumu ni ya mteja.

Karatasi: leseni ya NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) inataja njia ya gari, hivyo ukilitoa nje ya njia hiyo uliza kuhusu kibali cha muda. Angalia ukaguzi, bima inayofunika abiria wa kukodi na leseni ya PSV (gari la abiria) ya dereva. Dereva haruhusiwi kuzidi saa 8 za kuendesha ndani ya saa 24, kwa hiyo aliyeamkia kazini saa kumi alfajiri hafai kwa sherehe yako ya usiku.

Bei hufuata target ya siku (pesa ambazo gari linatakiwa kuingiza): asubuhi na jioni za kazi ni ghali, katikati ya mchana hushuka, Jumamosi za harusi hupanda tena. Elewaneni mafuta ni ya nani, hasa ya kusimama na muziki ukilia. Amana iende kwa nambari ya M-Pesa yenye jina lililo kwenye logbook (hati ya umiliki wa gari). Andikeni nambari ya gari, si jina lake pekee, kwa sababu likiharibika sacco (ushirika wa wenye matatu) inaweza kukutumia jingine lisilo na hata skrini moja. Na picha za WhatsApp huwa ni za siku gari lilipotoka garage. Omba za wiki hii.