Blue Ridge Parkway wakati wa majani kupukutika: barabara isiyopenda haraka

Nimepita Blue Ridge Parkway mara mbili katika majira ya kupukutika kwa majani, mara ya kwanza nikiwa na haraka ya kuimaliza, na mara ya pili nikiwa nimekwisha kuachana na wazo hilo. Tathmini hii inatokana zaidi na safari ya pili. Barabara hii ya Marekani ina urefu wa maili 469, yaani kilomita 755 hivi, na inafuata migongo ya milima ya Appalachia kutoka Rockfish Gap katika jimbo la Virginia, inakopakana na hifadhi ya Shenandoah, hadi karibu na Cherokee katika jimbo la North Carolina, kwenye lango la hifadhi ya Great Smoky Mountains. Kuingia ni bure. Malori ya biashara hayaruhusiwi, mabango ya matangazo hayapo, na mwendo wa juu kabisa ni maili 45 kwa saa, sawa na kilomita 72, huku baadhi ya sehemu zikidai mwendo mdogo zaidi.

Kasi hiyo ndiyo iliyonishinda mara ya kwanza. Nilipanga siku mbili kwa barabara nzima, na kwenye karatasi hesabu ilikaa sawa, kwa kuwa saa kumi na nusu za usukani zingetosha kama mtu angeweza kushikilia maili 45 bila kupunguza hata mara moja. Hakuna awezaye. Kila baada ya kona kuna mahali pa kuegesha palipojengwa makusudi ili mtu ashuke atazame bonde, na aliye mbele yako atafunga breki ghafla kwa sababu ameona mti mmoja mwekundu. Jioni ya siku ya pili nilikuwa bado sijafika mji wa Asheville, upande wa North Carolina, shingo imekaza, na nilichokumbuka vizuri kuliko vyote kilikuwa namba za nguzo fupi za maili zilizosimama pembeni mwa lami.

Kosa lilikuwa langu, kwani barabara hii haikujengwa ili imfikishe mtu popote. Kazi ilianza Septemba 1935, katika miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi, kwa nia ya kuwapa watu wa milimani ajira, na msanifu wake wa mandhari, Stanley Abbott, aliipanga ipinde na kuinuka kwa namna ambayo dereva hupewa bonde upande mmoja, kisha msitu, kisha shamba la zamani lenye uzio wa magogo, kila kimoja kwa zamu yake. Anayeiendesha kama barabara kuu atachoka na kulalamika. Anayekubali kusimamishwa atapata thamani yake yote.

Sasa niseme juu ya majani yenyewe, ambayo ndiyo sababu ya watu wengi kwenda huko mwezi Oktoba. Wapo wanaoyaita majira haya vuli, lakini kwa wengi wetu vuli ni mvua, na anayekwenda na picha hiyo kichwani atashangaa kukutana na asubuhi kavu, zenye baridi, na anga safi kiasi cha kuhesabu safu za milima moja nyuma ya nyingine, kila moja ikiwa na buluu iliyofifia kuliko iliyoitangulia. Swali ambalo kila msafiri huuliza ni tarehe gani aende, na naona swali hilo limekaa vibaya. Sehemu ya juu kabisa ya barabara, Richland Balsam, ina mwinuko wa mita 1,845, ilhali inapovuka mto James huko Virginia iko chini ya mita 200. Kwa kuwa hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, milima haibadiliki rangi siku moja. Rangi huanzia vileleni mwishoni mwa Septemba na kuteremka polepole hadi mabondeni mwanzoni mwa Novemba. Kinachofaa kuulizwa, basi, ni mwinuko gani uutafute katika juma ulilo nalo. Ukifika ukakuta vilele vimebaki matawi matupu, usijute, teremka tu.

Katika safari ya pili nilifanya hivyo, na siku moja ilinitosha kuona msimu mzima kwa wima. Karibu na Graveyard Fields, bonde lililo juu kwenye maili ya 418, vichaka vilikuwa vimekwisha kupukutika na kubakiza wekundu uliokolea ardhini. Chini kidogo miti ya maple ilikuwa inawaka. Chini zaidi tulip poplar zilikuwa na manjano ya limau. Na mialoni, ambayo huchelewa kuliko wote, ilikuwa bado kijani ikianza tu kuingia rangi ya kutu. Jani moja la mti wa sourwood lilinaswa kwenye kifuta kioo cha gari langu, nami nikalichukua nikalitazama. Lilikuwa jekundu kama damu ya mzee, isipokuwa doa la manjano lenye umbo la jani jingine lililokuwa limelifunika kule mtini. Hapo ndipo nilipoelewa kilichoandikwa vitabuni: manjano yamo ndani ya jani tangu mwanzo, yakifichwa na klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, hadi siku zinapofupika na klorofili kuvunjika, bali wekundu hutengenezwa upya kwa sukari iliyobaki, na kazi hiyo huhitaji mwanga. Pale mwanga usipofika, wekundu haupo. Ndiyo maana mfululizo wa siku za jua na usiku wa baridi usiogandisha huleta wekundu mkali, na juma la mawingu huuzimisha.

Kama una nafasi ya kuona kipande kimoja tu, chagua kile kinachozunguka Grandfather Mountain, penye daraja la Linn Cove kwenye maili ya 304. Kipande hiki ndicho kilichochelewesha barabara nzima kukamilika hadi mwaka 1987, kwa sababu mwenye mlima, Hugh Morton, alikataa katakata njia ipasuliwe juu ya ubavu wake wenye mawe. Suluhisho lilikuwa daraja la mita 379 linalojipinda kama herufi S, lililoundwa kwa vipande 153 vya zege, kila kimoja kikishushwa mahali pake kutoka kwenye ncha ya daraja lililokwisha kujengwa, ili mashine zisikanyage miamba iliyo chini. Hata zege lilitiwa rangi ili lifanane na jiwe. Ukiwa juu yake ndani ya gari hutambui uzuri huo, na ndiyo maana ninamshauri kila mtu aegeshe Rough Ridge, maili moja na kidogo kaskazini, apande njia fupi ya miguu hadi penye sakafu ya mbao, kisha aligeukie daraja. Kutoka pale linaonekana kama utepe uliotundikwa kwenye msitu wa rangi ya machungwa. Nilikaa pale zaidi ya saa nzima.

Upungufu upo, na mwingi unatokana na sifa zile zile nilizozisifu. Hakuna kituo cha mafuta hata kimoja ndani ya barabara, hivyo lazima utoke kwenda katika miji ya jirani. Kampuni moja ya kukodisha magari ilinikabidhi gari lenye nusu tangi na kunihakikishia kwamba vituo viko kila mahali, nami nikaishia kuteremka mlima usiku kutafuta mafuta huku taa ya onyo ikinitazama. Mtandao wa simu hukatika mara kwa mara, kwa hiyo ramani ya karatasi, au iliyopakuliwa mapema, si anasa. Mahandaki ni 26, yote isipokuwa moja yakiwa North Carolina, na humo gizani taa za mbele ni lazima. Kwenye miteremko mirefu shusha gia, usiegemee breki, maana harufu ya breki zilizoungua nimeikuta katika zaidi ya maegesho mamoja.

Ukungu nao huja bila hodi, na barafu ikishika lami sehemu za juu hufungwa kwa mageti. Safari zangu zote mbili zilitangulia dhoruba Helene ya Septemba 2024, ambayo ilileta maporomoko makubwa ya ardhi upande wa North Carolina na kuifunga barabara. Vipande vimekuwa vikifunguliwa kwa awamu. Usiondoke nyumbani bila kutazama orodha rasmi ya sehemu zilizo wazi, inayopangwa kwa namba za maili.

Msongamano wa Jumamosi na Jumapili za katikati ya Oktoba ni kero ambayo siwezi kuipamba. Maegesho hujaa kabla ya saa nne asubuhi, na picha nyingi zitakuwa na kiwiko cha mtu. Siku za katikati ya juma hali ni nyingine kabisa. Jumanne moja, saa moja na nusu asubuhi, nilikuwa peke yangu Rough Ridge.

Ninaipa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano imepotelea kwenye foleni za mwisho wa juma. Safari ya tatu nimekwisha kuipanga: siku nne, maili zisizozidi 120, kuanzia Waterrock Knob, kwenye maili ya 451, kuelekea kaskazini, tangi likiwa limejaa.