Flashi ya mahubiri ya hukumu kutoka Mwanjelwa: sauti safi, hoja ya lumbesa

Mwezi uliopita nilinunua flashi yenye mahubiri kumi na mawili katika kibanda kimoja cha kurushia nyimbo, pembeni mwa Soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, kwa shilingi 10,000. Kilichonivuta si jina la mhubiri, ambaye sitamtaja, bali maneno yaliyoandikwa kwa wino mzito kwenye kikaratasi kilichobandikwa juu yake: "Mtu mwema asiyeamini, je, anastahili moto wa milele?" Swali hilo limekaa nami tangu tulipomzika rafiki yangu mmoja mwaka juzi, kwa hiyo nililipa bila hata kuomba kupunguziwa. Nimeyasikiliza mahubiri yote mara mbili, mara ya kwanza dukani kwangu Uyole, ninakouza mbegu na mbolea, na mara ya pili nikiwa peke yangu ndani ya gari katika safari ya Tukuyu, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya yeyote mwenye swali kama langu anayefikiria kuinunua.

Kama bidhaa, flashi haina ubaya. Mafaili yamepangwa kwa namba, yanafunguka kwenye redio ya gari na kwenye sabufa bila usumbufu, na sauti ni safi kuliko kawaida ya rekodi za mikutano ya hadhara, ambazo mara nyingi upepo na shangwe humeza nusu ya maneno. Hubiri la saba hukatika katikati ya sentensi, lakini nilipolirudisha muuzaji alinirushia upya bila malipo. Hubiri la nne limewekewa milio ya moto na vilio vya watu, jambo ambalo sikulipenda, kwa kuwa mtoto wa mteja mmoja alijificha nyuma ya magunia ya mbolea akakataa kutoka hadi nilipozima. Kama lebo ingeahidi vitisho, nisingelalamika. Lebo iliahidi jibu la swali, na ni kwa kipimo hicho ninaipima.

Lazima kwanza nimweleze huyo rafiki yangu, maana bila yeye swali linabaki la vitabuni. Alikuwa mnunuzi wa viazi kwenye vijiji vya Uporoto, na wakulima walimwita Mzee wa Mizani. Anayeijua biashara ya viazi ya huku kwetu anajua lumbesa ni nini: gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezewa kilemba kinachoshikiliwa kwa nyavu na kamba, na mkulima analipwa bei ya gunia moja ingawa ametoa gunia na karibu nusu nyingine. Sheria ya vipimo inataka mazao yauzwe kwa uzito na gunia lisizidi kilo 100, lakini sheria na shamba havikutani kila siku. Mzee huyu hakuwahi kununua lumbesa. Alikuwa na mizani ya kuning'inia, yenye uso wa duara kama saa, aliyoifunga kwenye gogo lililolazwa juu ya miti miwili yenye panda, na kabla ya kupima mzigo wowote alitundika jiwe la mizani la kilo 20 ili mkulima mwenyewe auone mshale ukisimama mahali pake. Alichimba makaburi ya majirani, alichangia bati za kanisa na za msikiti, na hakuamini kwamba kuna Mungu. Alipoulizwa alijibu kwa upole kwamba alifundishwa utotoni, akasoma ukubwani, na hakuona. Alipofariki, viongozi wa dini hawakutaka kuendesha ibada, tukamzika majirani wenyewe, na mmoja wa waliotupa udongo kaburini alininong'oneza kwamba ni hasara kubwa, kwa kuwa wema wote ule umeishia motoni.

Mimi ni Mkristo wa kubatizwa na kupata kipaimara, na sikununua flashi ili nimcheke mhubiri. Mahubiri matatu ya kwanza ni mazuri kweli. Anasimama kwenye Warumi 3:23, kwamba wote wamefanya dhambi na kupungukiwa na utukufu wa Mungu, na anaonyesha kwa ustadi jinsi kila mmoja wetu anavyojipunja na kuwapunja wengine, akianza na yeye mwenyewe. Anachohitimisha hapo, kwamba hakuna anayeweza kuidai mbingu kama mshahara, ninakikubali, na nadhani hata Mzee wa Mizani asingekibishia, kwani hakuwahi kujiita mwema.

Tatizo linaanza pale anapotumia hitimisho hilo kubeba mzigo usiolihusu. Kutoka "hakuna anayestahili mbingu" anavuka, bila daraja lolote, hadi "kila asiyeamini anastahili moto usiokoma", kana kwamba kutostahili zawadi na kustahili adhabu ni jambo moja. Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka mingi kabla ya kufungua duka, na siku ya mahafali wanafunzi wengi hawakupata zawadi. Hakuna mzazi aliyefikiri kwamba kwa sababu hiyo walistahili viboko, sembuse viboko visivyo na mwisho. Inawezekana wasioamini wanastahili adhabu hiyo kwa sababu nyingine, lakini sababu hiyo inapaswa kuelezwa, na nilisubiri hadi hubiri la tano kuisikia.

Hubiri la tano ndilo kiini cha flashi nzima. Mhubiri anasema kwamba uzito wa kosa hupimwa kwa cheo cha aliyekosewa: ukimpiga kofi jirani utatozwa faini, ukimpiga chifu utafukuzwa nchini, na ukimkosea Mungu asiye na mwisho, kosa lako halina mwisho, na adhabu yake vivyo hivyo. Anasema alifunuliwa hoja hii usiku mmoja akiomba. Pengine ni hivyo, ila msingi wake uliandikwa na Anselm, Askofu Mkuu wa Canterbury, mwishoni mwa karne ya 11, na umejadiliwa na wanatheolojia tangu hapo. Si hoja ya kudharau. Hata sisi tunaona tofauti kati ya kumtukana mpita njia na kumtukana mama mzazi.

Lakini tunaona tofauti hiyo kwa nani? Kwa yule anayejua kwamba aliyesimama mbele yake ni mama yake. Mgeni anayemkanyaga chifu mguu sokoni, katika msongamano, bila kujua ni chifu, hajafanya kosa la kumdharau chifu, na chifu anayemfukuza nchini kwa hilo hatasifiwa kwa haki bali ataogopwa kwa ukali. Asiyeamini kwa unyofu yuko katika hali inayofanana na ya mgeni huyo. Hakumtazama Mungu usoni akamkataa. Alitazama, na kwa kadiri alivyoweza kuona, hakuona mtu. Mhubiri angeweza kujibu kwamba hakuna unyofu wa namna hiyo, kwamba kila asiyeamini anajua moyoni na anajifanya hajui, na katika hubiri la sita anaelekea huko kwa kutumia Warumi 1:20, kwamba watu hawana udhuru. Hata hivyo hageuzi ukurasa kufika Warumi 2:14-15, ambako mtume Paulo, mwandishi wa barua hiyo hiyo, anasema juu ya watu wasio na sheria wanaofanya kwa tabia zao yale sheria inayotaka, na dhamiri zao zikiwashuhudia, zikiwashitaki au hata kuwatetea. Neno hilo "kuwatetea" halisikiki popote katika flashi.

Vivyo hivyo kwa Mathayo 25:46, mstari ambao ndani yake yamo maneno yenyewe ya "adhabu ya milele". Katika mahubiri yote nilihesabu mara tisa akiutaja, na mara zote tisa akiutaja peke yake, bila habari inayoutangulia. Habari hiyo ni ya kondoo na mbuzi, na kinachowatenga humo si kukiri imani bali kumlisha mwenye njaa, kumkaribisha mgeni, kumvika aliye uchi. Tena wale wa kuume wanashangaa, wakiuliza ni lini walimwona Bwana. Hawakujua ni yeye. Sidai kwamba sura hiyo peke yake inalimaliza swali, kwa sababu Yohana 3:18 upo, nao unasema wazi kwamba asiyeamini amekwisha kuhukumiwa, na mhubiri ana haki ya kuusimamia. Ila mstari wa 19 unaofuata unaeleza hukumu hiyo ni nini: watu walipenda giza kuliko nuru, kwa maana matendo yao yalikuwa maovu. Mtu aliyetundika jiwe la kilo 20 mbele ya mkulima asiyejua kusoma, wakati jirani zake wanafunga vilemba, sijui namna ya kumweka upande wa waliolipenda giza.

Na kuna Luka 12:47-48, ambao haumo kabisa: mtumwa aliyejua mapenzi ya bwana wake akayapuuza atapigwa sana, na yule asiyejua atapigwa kidogo. Mapigo machache yanahesabika, na kinachohesabika kina mwisho.

Hoja ninayoiona bora kuliko zote imewekwa katika hubiri la saba, lile lililokatika, na inapita kwa dakika chache tu. Anasema adhabu haina mwisho kwa sababu waliomo hawaachi kukosa. Wanaendelea kumchukia Mungu, na kila chuki mpya inaleta malipo yake. Hapa kipimo na kosa angalau vinakwenda pamoja. Ila ni hoja inayomhusu mtu aliyegeuka kuwa adui wa wema milele, na haisemi kwa nini mtu aliyeupenda wema miaka 70 bila kumjua mwenye wema huo auchukie siku atakapomwona. Ningetamani angekaa hapo mahubiri matatu badala ya kuweka milio ya moto.

Liko pia kosa la historia ambalo msikilizaji anapaswa kuonywa. Katika hubiri la nane anatangaza kwamba Wakristo wote tangu mwanzo wamefundisha jambo hili kwa namna moja. Si kweli. Walimu wawili wa Kanisa la kale, Origen wa Alexandria katika karne ya 3 na Gregory wa Nyssa katika karne ya 4, walitarajia kwamba moto wa Mungu ungetakasa na hatimaye kukoma, na Askofu Augustine baadaye alilazimika kuandika kwa kirefu kuwapinga Wakristo wa siku zake waliofikiri hivyo. Ni kweli kwamba upande wa Augustine ndio ulioshinda. Karibu na wakati wetu, mwaka 1964, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulisema kwamba hata wale ambao bila kosa lao hawajafikia kumjua Mungu waziwazi, na wanajitahidi kuishi maisha ya haki, Mungu hawanyimi msaada unaohitajika kwa wokovu.

Jirani yangu wa duka la vitenge, ambaye ni Mwislamu na aliyasikia mahubiri haya kupitia ukuta kwa siku nne bila kulalamika, alinikumbusha aya ya 15 ya Suratul Israa katika Kurani, kwamba Mwenyezi Mungu haadhibu mpaka apeleke Mtume. Akaniambia pia juu ya Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyewatenga wasio Waislamu katika makundi: ambao habari hazikuwafikia, ambao habari ziliwafikia zikiwa zimepotoshwa, na ambao ziliwafikia sawasawa wakazipuuza, na ni hao wa mwisho tu aliowaona hawana udhuru. Ghazali alifariki mwaka 1111. Mhubiri wetu hana makundi. Ana kapu moja. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mama aliyefia huko mwaka 1890, akiwa amelea yatima wa ukoo mzima, yumo kapuni pamoja na wauaji.

Siku ya tatu ya kusikiliza, mjane wa Mzee wa Mizani aliingia dukani kununua mbolea ya DAP. Nilikimbilia sabufa kuizima, akaniinulia mkono.

"Iache, shemeji. Nimekwisha kusikia mengi kuliko hayo."

Alisimama kaunta na mfuko wake wa kilo 50 miguuni, akasikiliza hubiri la tano lote, habari ya kofi la jirani na kofi la chifu, bila kubadilika uso. Lilipokwisha aliuliza huyo mchungaji ni mwenyeji wa wapi, nikamwambia sijui. "Huyo hajawahi kuuza viazi," akasema. "Angekuwa mkulima angejua mtu akikuongezea kilemba juu ya gunia lako, hata akikuonyesha karatasi ya serikali, bado amekuibia." Kisha akaomba nimpimie mfuko ule kwenye mizani, na ulipungua gramu 400, nikamrudishia pesa ya tofauti.

Anayetaka kuinunua aombe arushiwe mahubiri ya 1 hadi 3 pamoja na la 7 lililokamilika. Muuzaji anakubali kuuza moja moja kwa shilingi 1,000, na ukimwambia mapema anaweza kukutolea milio ya moto kwenye la nne. Lebo yake nimemshauri aibadilishe. Alisema ataifikiria, lakini kwamba ilivyo sasa ndiyo inayouza.