Seva ya mafaili ya nyumbani: pesa yako ianzie kwenye diski

Watu wakitaka kujijengea seva ya kutunzia mafaili nyumbani, swali la kwanza huwa ni prosesa. Hiyo ihangaikie mwisho. Kusambaza picha na video kwa familia moja hata mashine ya zamani inamudu, maana waya wa gigabiti 1 wenyewe hauvuki sana megabaiti 110 kwa sekunde.

Chaguo langu la kwanza ni kompyuta ya ofisi ya mtumba, zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk zilizorundikwa madukani Kariakoo. Chukua Core i5 ya kizazi cha 6 kwenda juu, RAM ya GB 8, ambayo ni kiwango cha chini cha TrueNAS, mfumo endeshi wa seva za mafaili. Kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji afungue kifuniko uhesabu nafasi za diski za inchi 3.5 na matundu ya SATA, yale ya kuchomekea waya za diski. Zile ndogo za kufunga nyuma ya skrini haziingizi hata moja.

Ya pili ni kompyuta ndogo yenye prosesa ya Intel N100. Tatizo lake ni bei, na nyingi zina nafasi ya diski ya inchi 2.5 tu. Ila umeme haili. Mashine ya wati 20 ikiwaka usiku na mchana humaliza uniti 175 hivi za LUKU kwa mwaka. Ya wati 80, uniti 700. Ndiyo maana seva kubwa ya ofisini naiweka mkiani hata ukigaiwa bure, achilia mbali feni zinazovuma kama mashine ya kusaga.

Ya tatu Raspberry Pi 4 au 5, kompyuta ya ubao mmoja mdogo, na OpenMediaVault, mfumo mwingine wa seva za mafaili, kwa diski moja ya USB yenye adapta yake. Ya nne laptopu ya zamani. Angalau betri yake inakuvusha umeme ukikatika. Nyingine zote zinunulie UPS.

Sasa diski. Taka CMR, inayoandika data kwa mistari isiyolaliana; kataa SMR. SMR hulaza data safu juu ya safu kama makuti ya paa: ukitaka kubadili kuti moja, inua yaliyolilalia. Siku diski moja ikifa na nyingine inajazwa upya, SMR huburuta kwa siku kadhaa. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya WD Red zilikuwa hivyo. WD Red Plus na Seagate IronWolf ni CMR. Nunua mbili zinazofanana, moja iwe kivuli cha nyingine, na nakala ya tatu ikae kwa ndugu.

Niliwahi kuuziwa diski "mpya", nailoni haijachanwa. Nilipoendesha smartctl, programu ya kusoma hali ya diski, mstari wa Power_On_Hours (saa ilizowaka) ukasoma saa 31,000 na ushee, yaani zaidi ya miaka mitatu na nusu. Nikairudisha. Muuzaji: "Bosi, hizo ni saa za kujaribia tu." Siku hizi naenda dukani na laptopu na waya wa USB wa kuchomekea diski, akikataa nisiisome pale pale, naaga.