Sanduku la Majaribio ya Sauti: Mrija Ununuliwe, Kijitabu Kisahihishwe

Sanduku hili limetengenezwa kwa ajili ya maabara za shule za sekondari na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fizikia chuoni. Ndani yake mna uma nne za sauti (vyuma vyenye meno mawili vinavyolia vikigongwa) zenye masafa, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde, ya hezi 256, 320, 384 na 512, jozi ya uma za hezi 440 zilizopachikwa juu ya vibweta vya mbao pamoja na kijiuzito cha kubana, mrija wa plastiki angavu wenye pistoni, waya wa chuma uliowambwa juu ya ubao mrefu wenye uvungu, kinyundo cha mpira na kijitabu cha maelekezo. Vifaa hivyo havilingani kwa ubora, wala havistahili kusifiwa au kulaumiwa kwa pamoja.

Mrija ndio unaobeba thamani ya sanduku zima. Kipenyo chake cha ndani ni sentimita 4, urefu wake ni sentimita 90, na alama za milimita zimechorwa ubavuni kwa wino usiofutika kwa kidole. Uma wa hezi 512 ukigongwa na kushikiliwa mdomoni mwa mrija huku pistoni ikirudishwa nyuma taratibu, sauti hubaki hafifu hadi pistoni ifike karibu na sentimita 15.5, ambapo hewa iliyomo ndani huitikia ghafla na sauti ikajaa chumba. Huo ndio rezonansi: safu ya hewa imefikia urefu ambao masafa yake ya asili yanalingana na ya uma, na kila msukumo mdogo unaotoka kwenye uma unaikuta hewa ikiwa tayari kuelekea upande uleule. Pistoni ikiendelea kuvutwa, sauti hufifia, kisha hupanda tena karibu na sentimita 49, na mara ya tatu karibu na 82.5.

Anayefahamu kanuni ya robo ya urefu wa wimbi, kwamba mrija uliozibwa upande mmoja huitikia kwanza safu ya hewa inapofikia robo ya wimbi, atauliza kwa nini kituo cha kwanza, yaani mahali sauti inapojaa mara ya kwanza, si sentimita 16.75, ilhali kwenye hewa ya nyuzijoto 20 sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, na wimbi la hezi 512 lina urefu wa sentimita 67. Jibu ni kwamba wimbi haliishii hasa kwenye ukingo wa mrija, bali hutokeza nje kidogo, kwa kiasi kinachokaribia sehemu 0.3 ya kipenyo. Kwa mrija huu ni sentimita 1.2. Ziada hiyo hujifuta yenyewe pale kituo cha kwanza kinapotolewa kwenye cha pili, kwa sababu tofauti inayobaki, sentimita 33.5, ni nusu kamili ya urefu wa wimbi. Ni hesabu ya dakika chache inayompa mwanafunzi kasi ya sauti bila kifaa chochote cha umeme. Upungufu uko kwenye uma wa hezi 256, ambao kituo chake cha pili kingekuwa karibu na sentimita 99, yaani nje ya mrija. Kwa uma huo mbinu ya kutoa haifanyi kazi, na sentimita 15 tu za plastiki zingetosha kuondoa tatizo.

Jambo jingine lililosahaulika ni kipimajoto. Kijitabu kinaagiza kasi ya sauti ichukuliwe kuwa mita 340 kwa sekunde daima, ilhali kasi hiyo huongezeka kwa takriban mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja ya joto. Chumbani penye nyuzi 30 inakaribia mita 349, na umbali kati ya vituo viwili vya uma wa hezi 512 huwa sentimita 34.1 badala ya 33.5. Tofauti ya milimita sita inaonekana waziwazi kwenye alama za mrija huu, kwa hiyo mwanafunzi makini atapata jibu sahihi kisha aambiwe na kijitabu kwamba amekosea.

Jozi ya uma za hezi 440 imetengenezwa vizuri. Vibweta vimeachwa wazi upande mmoja na kina chake kinakaribia robo ya wimbi, hivyo hewa iliyomo huitikia uma uliosimama juu yake. Gonga uma mmoja, uelekeze mdomo wa kibweta chake kwa mwenzake, kisha uuzime kwa kiganja: wa pili utasikika ukiendelea ingawa haukuguswa. Bana kijiuzito kilichomo sandukuni kwenye jino la uma mmoja, na mwitikio huo utadhoofika mno, maana uma huitikia ukanda mwembamba sana wa masafa. Zikigongwa zote mbili katika hali hiyo, sauti hupanda na kushuka kwa mapigo yanayohesabika, na idadi ya mapigo kwa sekunde ni tofauti ya masafa yao. Inafaa pia kuonyesha kwamba uma ulio juu ya kibweta hunyamaza mapema kuliko ulioshikwa mkononi. Kibweta hakiongezi nishati yoyote. Kinaifanya itoke upesi zaidi.

Waya ni habari ya kusikitisha kidogo. Kwa kazi ya kuonyesha hamoniki, yaani sauti zenye masafa mara mbili, mara tatu na kuendelea ya yale ya msingi, unatosha: ukiguswa kwa wepesi katikati na kucharazwa, hutoa masafa maradufu, ukiguswa kwenye theluthi, mara tatu. Hata mahali unapocharazwa panabadilisha rangi ya sauti, kwa kuwa ukicharazwa katikati kabisa hamoniki zote za namba shufwa hukosekana, kila moja ikiwa na nodi, yaani sehemu isiyotikisika, mahali hapo. Lakini mkazo wa waya hurekebishwa kwa skrubu badala ya mawe ya mizani yanayoning'inia kwenye kapi. Kanuni aliyoichapisha mwanazuoni Mfaransa Marin Mersenne mwaka 1636, kwamba mkazo ukiongezwa mara nne masafa huongezeka mara mbili, haiwezi kupimwa hapa, kwa sababu hakuna njia ya kujua mkazo ni kiasi gani. Waya usiopimika mkazo ni ala ya muziki, na kwa ala ya muziki huu una sauti mbaya.

Kijitabu kina makosa mawili yasiyovumilika. La kwanza ni mchoro unaoonyesha uma wa hezi 440 ukitoa hezi 880, 1,320 na kuendelea, kana kwamba ni waya. Meno ya uma ni pau zinazopinda, na sauti yake ya ziada ya kwanza huwa takriban mara 6.3 ya ile ya msingi, ambayo si hamoniki hata kidogo. Ndiyo mlio mwembamba wa chuma unaosikika uma unapogongwa kwenye kitu kigumu, na hufa haraka. Usafi huo wa sauti ndio sababu uma, uliobuniwa na mpiga tarumbeta Mwingereza John Shore mwaka 1711, ukatumika kama kipimo. Kosa la pili ni kulitumia daraja la Tacoma Narrows la Marekani, lililoanguka tarehe 7 Novemba 1940, kama mfano wa rezonansi ya kawaida. Upepo siku ile haukuwa ukisukuma kwa mapigo yenye masafa ya daraja. Ulivuma mfululizo, na msokoto wa daraja lenyewe ndio uliovuna nishati kutoka kwenye upepo huo na kujikuza. Mfano huo umenakiliwa vitabuni kwa miongo mingi, lakini mtengenezaji wa vifaa vya kupimia hana ruhusa ya kuunakili tena.

Kwa hiyo shule ambayo tayari ina uma nzuri itafute kununua mrija na jozi ya vibweta peke yake, ikiwa muuzaji atakubali kuvitenganisha. Isiyo na chochote inaweza kulichukua sanduku zima, iongeze kipimajoto, na mwalimu apitie kurasa za uma na za daraja kwa kalamu nyekundu kabla ya kuzigawa darasani.