Seti ya Uno na CNC Shield V3 kwa rauta ya kujiundia: inafaa, ila swichi ya Z usiiweke ilipoandikwa

Ukiulizia bodi za CNC, yaani za mashine zinazoongozwa na kompyuta, kwenye maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, utakachowekewa mezani mara nyingi ni Arduino Uno ya kunakiliwa (bodi ndogo inayoongoza mashine), CNC Shield V3 nyekundu inayochomekwa juu yake, draiva nne za A4988 zinazolisha mota umeme, na kebo fupi ya USB. Karatasi ya maelezo haimo. Kwa anayeunda rauta ya meza ya kuchonga MDF, plaiwudi na mbao laini kama saipresi, seti hii inatosha kabisa, mradi mota zake za hatua ziwe za ukubwa wa NEMA 17. Mwenye NEMA 23, zilizo kubwa zaidi, asiinunue hata akipunguziwa bei, na sababu inafuata huko mbele.

Pawa saplai hununuliwa kando. Chukua ya volti 24, ampea 15, ile ya boksi la chuma lenye matundu. Ubavuni mwake huwa na swichi ndogo ya kuchagua 115 au 230, na lazima iwe 230 kabla hujachomeka chochote ukutani. Stima yetu ni volti 240, na saplai iliyoachwa kwenye 115 hupasua kapasita zake mara moja. Waya wa athi ufike kwenye tamino yake, kisha uendelee hadi kwenye fremu ya mashine kama ni ya chuma au alumini. Wapo wanaotumia volti 12 kwa sababu saplai yake tayari ipo nyumbani. Mashine itatembea, lakini kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo umeme unavyokosa muda wa kujaa kwenye koili. Mota hulegea, huruka hatua, na mchongo unahama bila programu kujua. Shield imeandikwa kuwa inapokea hadi volti 36, ila A4988 yenyewe kikomo chake ni 35. Baki kwenye 24.

Shield haiilishi Uno umeme. Uno huishi kwa USB, kwa hiyo kompyuta kuiona bodi si dalili kwamba mota zina nguvu.

Draiva ndizo huungua zaidi, na nyingi huungua dakika ya kwanza. Kwenye shield tafuta alama ya EN, na pini ya EN ya draiva iingie hapo hapo. Usiongozwe na kiskrubu cha kurekebisha umeme: kwenye A4988 kiko upande mmoja, kwenye DRV8825, draiva nyingine inayoingia kwenye shield hii, kiko upande wa pili, na aliyezoea moja huichomeka nyingine kinyume. Draiva iliyogeuzwa haiponi. Vivyo hivyo, usichomoe waya wa mota umeme ukiwa umewaka.

Kabla ya kuchomeka draiva, weka jampa, vile vifuniko vidogo vya kuunganisha pini mbili, maana zikishakaa draiva juu yake hazionekani tena. Weka M0 na M1, uache M2 wazi: hiyo ni moja ya nane ya hatua kwa A4988 na kwa DRV8825 pia. Mota ya hatua 200 hapo inakuwa hatua 1,600 kwa mzunguko; kwa skrubu ya T8 inayosogeza milimita 8 kila mzunguko, unaandika $100=200, yaani hatua 200 kwa milimita, kwenye Grbl, programu inayokaa ndani ya Uno. Zungusha skrubu mara moja upime kwa rula kwanza, kwa sababu zipo T8 zinazosogeza milimita 2 tu. Kujaza jampa zote tatu za DRV8825 ili upate moja ya thelathini na mbili hakuleti usahihi wa maana. Uno hutoa hatua 30,000 kwa sekunde, basi; kwa hatua 800 kwa milimita utakwama kwenye milimita 2,250 kwa dakika.

Sasa umeme wa mota. Angalia vipingamizi viwili vidogo kando ya chipu ya A4988. Vikisomeka R100, volti ya kuweka kwa kiskrubu ni ampea unazotaka mara 0.8, vikisomeka R050, ni mara 0.4. Tofauti hii ni muhimu mno, kwani ukitumia hesabu ya R100 kwenye R050 mota inapata umeme maradufu. Kwa ampea 1, ambayo inatosha NEMA 17 nyingi na ndiyo A4988 huhimili bila kupozwa, R100 inahitaji volti 0.8. Kwa DRV8825 gawanya ampea kwa mbili: volti 0.5. Pima kwa mita kati ya kiskrubu chenyewe na GND (pini hasi). A4988 hupimika kwa USB peke yake, lakini DRV8825 haisomi kitu mpaka ile saplai ya 24 iwashwe. Tumia bisibisi ya plastiki, maana ya chuma ikiteleza inagusisha pini. Vipoza joto vya kubandika visiguse pini za kando, na feni ndogo ipulize juu yake.

Dosari kubwa ya bodi hii iko kwenye maandishi yake. Mchoro asili ni wa Protoneer wa Nyuzilandi, na ulichorwa wakati Grbl ilisoma swichi ya kikomo ya Z, ile inayoguswa mhimili wa juu na chini ukifika mwisho, kwenye pini D11 ya Uno. Kuanzia Grbl 0.9, D11 ilipewa kazi ya kudhibiti kasi ya spindo (mota inayozungusha kisu), kwa kuwa D12 haina PWM, mapigo ya umeme yanayobadilisha kasi, na swichi ya Z ikahamishiwa D12. Bodi zinazouzwa bado zina maandishi ya zamani. Kwa hiyo ukitumia Grbl 1.1, swichi ya Z iende kwenye pini iliyoandikwa SpnEn, na waya wa kasi ya spindo utoke pale palipoandikwa Z. Ukifuata maandishi, utaliona kosa mara ya kwanza unapoomba mashine itafute nyumbani, yaani mahali pake pa kuanzia: Z ndiyo huanza, itapanda, itabonyeza swichi, na itaendelea kusukuma kwa sababu Grbl haijaona kitu. Jaribu kwanza kwa kubonyeza swichi kwa kidole huku mkono mwingine uko tayari kukata umeme.

Tatizo la pili la swichi hizo ni kelele za umeme. Rauta ya mkono inayofungwa kwenye mashine kama spindo ina mota ya brashi, na cheche zake hutosha kuidanganya Uno kwamba kikomo kimeguswa. Kazi inakatika katikati na ALARM:1, onyo la Grbl kwamba kikomo kimeguswa. Tumia swichi zinazofunga muda wote na kufunguka zikiguswa, uandike $5=1; waya ukikatika utajua papo hapo. Weka kapasita ya maikrofaradi 0.1 kati ya kila pini ya kikomo na GND, tumia waya wenye wavu uliofungwa GND upande wa shield pekee, na upitishe mbali na nyaya za mota na za 240. Hayo manne pamoja humaliza tatizo mara nyingi.

Rauta ya 240 usiiwashe kupitia rilei ndogo za bluu. Ipe swichi yake, na kitufe chekundu cha dharura kikate rauta na saplai ya 24 kwa pamoja.

NEMA 23 nyingi hutaka ampea 2.8, na A4988 hata ikipozwa haivuki 2. Kwa mota hizo nunua Uno peke yake na draiva kubwa tatu za DM542, zinazobeba hadi ampea 4.2 kwa volti 20 hadi 50. D2, D3 na D4 ziende PUL+ (hatua) za X, Y na Z. D5, D6 na D7 ziende DIR+ (mwelekeo). PUL- na DIR- zote ziunganishwe na GND ya Uno, na ENA (za kuwasha na kuzima draiva) ziachwe wazi.