Uzoefu wangu: altrasaundi ya kukagua mashina ya miti, Tanga

Kifaa ninachotumia kina vichwa viwili: kimoja hutuma mawimbi ya kilohezi 54, kingine hupokea, na skrini huonyesha muda wa safari kwa mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde). Hakichori picha ya ndani. Wewe ndiye unayeijenga kutokana na vipimo. Kwa miembe na mikungu ya barabarani hapa Tanga kinanifaa sana, mradi shina lisizidi mita moja hivi. Likizidi, mawimbi hufika yamechoka na namba zinarukaruka.

Kikwazo cha kwanza ni gome. Gome la mwembe mzee lina hewa ndani, na hewa huyaua mawimbi, kwa hiyo jeli ya kuunganisha kichwa na mti peke yake haisaidii. Bandua kwa patasi kiduara kinachotosha uso wa kichwa tu, ufike kwenye mti wenyewe, ndipo upake jeli. Vaa glovu, maana utomvu wa mwembe huunguza ngozi.

Weka sifuri kwa fimbo ya kusahihishia, ambayo muda wake wa safari unajulikana, kabla ya kuanza. Umbali kati ya vichwa upime moja kwa moja kwa kalipa kubwa (kipimio chenye taya mbili). Ukizungusha futi ya mkanda na kugawanya utakosea, kwani mashina haya si duara. Pima njia nne katika kimo kimoja, panda sentimita 30, rudia.

Sentimita 60 zikipitwa kwa mikrosekunde 400, kasi ni mita 1,500 kwa sekunde, yaani njia hiyo inasomeka nzima. Njia nyingine yenye urefu huohuo ikitoa 700, kasi imeshuka hadi 860 hivi: mawimbi yamezunguka uozo, pango la mchwa, au ufa. Hapo ndipo pana mtego. Ufa mwembamba uliokatiza njia husomeka kama pango kubwa, na pango lililojaa maji ya masika laweza kusomeka kama mti mzima, kwa kuwa sauti hupita majini kwa mita 1,480 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo siamui kukata kwa namba tu. Natoboa kwa keekee ya biti nyembamba pale penye shaka: unga mweusi na laini ni uozo, biti ikizama ghafla ni uwazi.

Minazi na mibuyu msipoteze jeli. Mnazi una moyo laini kwa asili, utaonekana mgonjwa hata ukiwa mzima. Mbuyu ni nyuzi na maji.

Upepo wa bahari hula plagi za nyaya. Zifute kwa kitambaa kikavu kila mnapomaliza kazi.